Jino Likikuamsha Saa Nane Usiku: Rada Yote ya Brufen, Diklofenaki na Aspirini

Saa nane usiku. Mtaa umenyamaza, hadi ile baa ya chini imefunga, na wewe uko macho umeshika shavu. Umelala upande wa kulia, ukageuka wa kushoto, wapi. Jino inagonga tu, ikifuata mapigo ya moyo. Kukicha hutaki story na mtu. Unaingia chemist ya kwanza imefungua na unasema, "Niko na jino." Unapewa tembe kadhaa kwa ile bahasha kidogo imeandikwa 1x3, unatoa finje, unameza hapo hapo mlangoni.

Na inafanya kazi. Nusu saa hivi, unarudi kuwa binadamu.

Hapo ndio shida huanzia. Hizi dawa hutuliza jino poa sana hadi unasahau bado uko na jino mbovu. Sasa wacha tuzijue vizuri: ni dawa gani, zinafanya nini huko ndani, unazimeza aje, nani asiziguse, na siku gani unafaa kuwachana nazo uende kwa dentisti.

HIZI DAWA NI ZIPI?

Tembe za maumivu za chemist ziko kwa familia mbili kubwa.

Familia ya kwanza ni zile za kupunguza uvimbe. Madaktari huziita NSAID. Ndani yake kuna:

- Ibuprofeni. Wengi tunaijua kwa jina ya Brufen. Huja kwa tembe za miligramu 200 na 400.
- Diklofenaki. Voltaren ni jina yake moja. Kuna tembe za miligramu 50, na ndio ile sindano watu hudungwa kwa makalio.
- Aspirini. Hii ni mzee wa kazi. Kampuni ya Bayer iliisajili kwa hilo jina huko Ujerumani mwaka wa 1899.
- Naproxeni na meloksikamu. Hizi nazo utazipata mara moja moja.

Familia ya pili ni parasetamoli, yaani Panadol na wenzake. Hii inashusha homa na maumivu, lakini kwa uvimbe haina nguvu sana. Kumbuka hiyo tofauti, itakusaidia hapa chini.

Kama hujui umepewa nini, geuza pakiti. Jina kubwa ya mbele ni ya biashara. Jina ya dawa yenyewe iko kwa maandishi madogo: Ibuprofen, Diclofenac, Aspirin, Paracetamol. Kuna tembe za kiosk zenye zimechanganya dawa mbili ama tatu ndani ya moja, na hutajua bila kusoma. Ukipewa tembe kwa bahasha bila pakiti, uliza jina na uandikiwe hapo juu. Si kiburi, ni mwili yako.

Story kidogo kuhusu Brufen. Ilitengenezwa Uingereza, mji wa Nottingham, na watafiti wa kampuni ya Boots. Kiongozi wao alikuwa Stewart Adams, na walikuwa wanatafuta dawa ya viungo yenye haitasumbua tumbo kama aspirini. Adams mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliijaribu kwa kichwa yake akiwa na hangova, kabla ya kusimama kutoa hotuba. Ikabamba. Mwaka wa 1969 ikaanza kuuzwa huko kwa barua ya daktari, na 1983 ikaruhusiwa kuuzwa bila barua.

MBONA JINO IUME HIVYO?

Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria za mdomo hukula sukari ya soda na mandazi, zinatoa asidi, na hiyo asidi inachimba jino pole pole. Shimo ikikaribia ile nyama, nyama inavimba.

Ukiteguka mguu kwa mpira, mguu inavimba na ngozi inavutika. Jino haivutiki. Ile nyama imezungukwa na ukuta mgumu pande zote. Ni kama mat ya watu 14 imebeba 25 na madirisha yamekwama. Presha inapanda, mishipa ya fahamu inabanwa, wewe unaona nyota. Ukilala, damu inaenda kwa kichwa zaidi, presha inaongezeka. Ndio maana jino hukuwa mkali usiku. Weka mito mbili ama tatu, lala kichwa ikiwa juu. Inasaidia kiasi.

Sasa dawa inaingilia wapi? Mwili ikiumia hutengeneza kemikali inaitwa prostaglandini. Hiyo ndio hufungulia damu ikuje kwa wingi, na ndio huifanya mishipa ya fahamu iwe mikali hadi hewa baridi ikipita unaruka. NSAID inazuia mwili kutengeneza prostaglandini. Hii siri iligunduliwa na John Vane, akaiandika mwaka wa 1971 akiwa London, na mwaka wa 1982 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

Lakini shika hii: prostaglandini si adui tu. Hizo hizo ndizo hulinda ngozi ya ndani ya tumbo isichomwe na asidi yake. Na hizo hizo husaidia damu kufika kwa figo. Dawa haijui kuchagua. Ikizima za jino, inazima na za tumbo na za figo. Madhara karibu yote ya hizi dawa yanatokea hapo.

UNAMEZA AJE?

Hii ni ya mtu mzima mwenye hana ugonjwa mwingine. Mtoto hupimiwa kwa kilo zake, usimkatie tembe yako nusu kwa macho.

Ibuprofeni: miligramu 400 kila baada ya masaa 8, na chakula. Bila daktari, usipite miligramu 1200 kwa siku. Hiyo ni tembe 3 za 400, ama 6 za 200. Basi.

Parasetamoli: miligramu 1000, yaani tembe 2 za 500, kila baada ya masaa 6. Usipite tembe 8 kwa masaa 24. Kama uko chini ya kilo 50, ini inakusumbua, ama wewe ni wa kulewa kila siku, uliza mfamasia akupunguzie.

Hizi mbili zinaweza kuenda pamoja, juu ni za familia tofauti na kila moja inapita njia yake. Chama cha madaktari wa meno wa Marekani, kwa mwongozo wake wa 2024, kinasema maumivu ya jino ya mtu mzima yaanze kutibiwa na NSAID, peke yake ama pamoja na parasetamoli, kabla ya kufikiria dawa kali za aina ya kodeini. Kwa hivyo kama Brufen peke yake haijafika, mwenye unaongeza ni Panadol. Si Brufen ya pili.

Halafu:

- Ipe muda. Dawa huanza kushika baada ya nusu saa hadi saa moja. Usimeze ingine baada ya dakika 15 eti hujaskia kitu.
- Ile 1x3 kwa bahasha inamaanisha tembe moja mara tatu kwa siku, ukigawanya masaa sawa. Si zote tatu kabla ya lunch.
- Kula kwanza. Hata kama ni uji ama ndizi mbili. Jino ikikataa chakula ngumu, kunywa maziwa.
- Angalia dawa za homa na mafua unazomeza. Nyingi ziko na parasetamoli ndani, na unaweza kupita kipimo bila kujua.
- Siku 3. Ikifika siku ya tatu na bado unahitaji tembe ndio ufanye job, hiyo si shida ya tembe tena.

MAKOSA TUNAFANYA MTAANI

Kuchanganya Brufen na diklofenaki. Hizi ni ndugu. Ukizimeza pamoja maumivu haipungui mara mbili, ila tumbo na figo ndizo zinachapwa mara mbili. Chagua moja.

Kuamini sindano haigusi tumbo. Watu husema, "Nidungwe tu, niko na vidonda vya tumbo." Diklofenaki ya sindano inaingia kwa damu, na damu inafika kila mahali. Prostaglandini za tumbo zinazimwa vile vile.

Kusaga tembe na kuijaza kwa shimo ya jino. Aspirini ikikaa kwa fizi inaichoma. Unaamka na jino bado inauma, na sasa uko na kidonda nyeupe kando yake.

Kununua antibayotiki kivyako. Amoksilini si dawa ya maumivu. Mwongozo wa hao hao madaktari wa Marekani, wa 2019, unasema maumivu mengi ya jino ya mtu mzima hayahitaji antibayotiki, yanahitaji jino lenyewe litibiwe. Antibayotiki inahitajika maambukizi yakianza kusambaa, kama kuna homa ama uso umefura. Hapo daktari ndiye anaandika, na unafuata vile ameandika.

Kusukutua na pombe kali. Inakufanya ganzi dakika mbili, halafu unaimeza juu ya Brufen, na tumbo ndio inalipa.

Kama unataka kitu ya kusaidia dawa, sukutua na maji vuguvugu ya chumvi. Mafuta ya karafuu pia si uchawi wa nyanya: ndani yake kuna eujeno, kitu hutia ganzi kiasi. Weka tone moja kwa pamba, gusa jino, usiimwage kwa fizi.

MIMI NILILIPA HII SHULE

Najua haya yote juu yalinipata. Nilikuwa nimeacha chuo, naandika za kulipwa kwa neno, bedsitter, laptop ya kuazima. Jino ya nyuma chini ikaanza. Kila mwezi doo ya dentisti ilikuwa inageuka kuwa rent, na Brufen ilikuwa bei ya chapo. Nikajipanga na Brufen. Asubuhi na turungi, bila kitu kwa tumbo. Usiku wa deadline, ingine. Wiki ya pili ikaanza kushindwa, mtu wa chemist akanipea diklofenaki, na sikumwambia nimeshameza Brufen. Hakuuliza, na mimi sikusema.

Wiki ya tatu nikaona choo yangu ni nyeusi. Si kahawia, nyeusi kama lami, na inanata. Nikajiambia labda ni terere nilikula. Siku ya pili nikapanda ngazi ya ploti, floor ya tatu, nikakaa chini kwa ngazi juu miguu ilikataa. Siste yangu alikuja kuniona akanivuta macho chini na kidole. "Wewe, huku ndani ni nyeupe kama karatasi. Toka twende."

Kidonda cha tumbo, kinavuja damu. Niliwekewa kamera kwa koo, nikaongezewa damu. Mathe alilala kwa kiti siku mbili. Pesa yenye ilitoka hapo ingeng'oa meno yangu yote na ibaki ya kuweka mapya. Siku ya kuachiliwa daktari akaniuliza, "Na hilo jino, kijana?"

Jino ilikuwa bado iko hapo.

NANI ASIGUSE HIZI DAWA BILA KUULIZA?

Kama uko kwa hii orodha, mwambie mfamasia kabla hajafungua droo. Mara nyingi atakupea parasetamoli kwanza.

- Mwenye amewahi kuwa na vidonda vya tumbo ama kutapika damu.
- Mwenye asthma, sanasana kama aspirini ama Brufen imewahi kukufanya ukose pumzi.
- Mama mjamzito. Kutoka wiki ya 20 hizi dawa zinaweza kuumiza figo za mtoto, na miezi mitatu ya mwisho zinaweza kufunga mshipa muhimu karibu na moyo wake mapema.
- Mwenye shida ya figo ama moyo. Diklofenaki hasa haifai kwa mtu amewahi kupata mshtuko wa moyo ama kiharusi.
- Mwenye anameza dawa za presha. Hizi tembe zinaweza kuzipunguzia nguvu, na zikichanganyika na zile za kukojoa sana, figo zinabaki pabaya. Mkumbushe mzae nyumbani.
- Mwenye anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama warfarini.
- Mwenye ako kwa ARV ama PrEP yenye tenofoviri. Tenofoviri na NSAID zote hupitia figo, na zikienda pamoja kwa wingi figo zinaweza kufeli. Huhitaji kutangaza chemist nzima. Omba kuongea na mfamasia kando.
- Mtoto chini ya miaka 16: aspirini hapana. Inaweza kumletea ugonjwa wa Reye, hauonekani sana lakini unashika ubongo na ini.
- Mwenye amehara ama kutapika hadi ameishiwa maji.

Na kwa mbogi ya Pwani: kama jino inauma na pia uko na homa kali na viungo vyote vinauma, usimeze Brufen ama aspirini kabla ya kupimwa. Mombasa imewahi kupigwa na dengi zaidi ya mara moja, na hizi dawa huongeza kuvuja damu kwa mtu mwenye dengi. Parasetamoli ndio salama hapo.

Ukiwa tayari unameza na uone choo nyeusi kama lami, kutapika damu ama kitu kama unga wa kahawa, mkojo kupungua, uso kufura, ama pumzi kukatika, wacha dawa na uende hospitali hiyo siku. Usifanye kama mimi na terere.

MAUMIVU IKIISHA GHAFLA, USIFURAHIE HARAKA

Hii wengi hawajui. Kuna siku utaamka na jino imenyamaza kabisa. Baridi haiumi, moto haiumi. Unasema asante Mungu, imejitibu.

Shimo haijifungi. Chenye kimefanyika mara nyingi ni ile nyama ya ndani imekufa. Mshipa wa fahamu umekufa nayo, ndio maana huskii kitu. Bakteria nazo hazijakufa. Zinashuka na mzizi hadi kwa mfupa, zinatengeneza usaha. Baada ya wiki ama miezi, inarudi ikiwa jipu, na safari hii Brufen itakuwa inakuangalia tu.

Hizi ni dalili za kwenda emergency, hata kama ni usiku:

- Shavu, taya ama shingo inafura na kuongezeka.
- Uvimbe umefika chini ya jicho, ama chini ya ulimi.
- Mdomo hafunguki vizuri, kumeza mate ni shida, sauti imebadilika.
- Pumzi inakuwa ngumu.
- Homa na kutetemeka.

Maambukizi ya meno ya chini yanaweza kushuka kwa shingo na kuziba njia ya hewa. Watu hufa na hii, na ilianza na shimo ya jino. Ukiona hizo dalili usipitie chemist, juu tembe inaweza kushusha homa na uvimbe kidogo ukadhani umepoa.

KWA DENTISTI KUNA NINI?

Tuseme ukweli, wengi hatuogopi sindano ya dentisti, tunaogopa bili. Lakini angalia hesabu. Shimo ikiwa bado ndogo, inasafishwa na kuzibwa, siku moja. Ikifika kwa nyama ya ndani, ni kutibu mzizi, na hiyo inaweza kukurudisha pale mara kadhaa na doo ya maana. Ukichelewa zaidi ni kung'oa, na pengo linabaki. Kila wiki unameza tembe, jino inapanda bei.

Huhitaji kuanzia kliniki ya vioo. Hospitali nyingi za umma za kaunti ziko na idara ya meno, na bei iko chini ya za kibinafsi. Nairobi, chuo kikuu kina hospitali yake ya meno, wanafunzi wanatibu chini ya macho ya walimu wao. Piga simu ama pita, uliza bei ya kuonwa, ya picha ya X-ray, ya kuziba na ya kung'oa, ndio ujipange. Ukifika, sema dawa zote umemeza, ngapi, na kutoka lini. Usione aibu, wameona wengi.

Kwa hivyo usiku ule jino itakuamsha, meza. Kula kitu, meza kipimo, ongeza Panadol ukihitaji, inua mito, lala. Hakuna tuzo ya kuvumilia. Lakini asubuhi, ukishaskia poa na kichwa imetulia, hiyo ndio saa ya kupiga simu ya dentisti. Dawa imekununulia masaa 8. Usiyatumie kusahau.